Kipusa huyu, si kipusa hiki: Hadithi nne za walimbwende zilizonivunja moyo

Ukinitaka nilifasiri jina la kitabu 4 Blondes kwa Kiswahili, nitakwama kabla sijafungua jalada. Nne si tatizo. Balaa liko kwenye hilo neno la pili. Wenye Kiingereza wana nomino moja inayombeba mwanamke mzima kwa rangi ya nywele zake. Sisi tutalazimika kusema "wanawake wanne wenye nywele za rangi ya dhahabu", na hapo mzaha wote umeshatutoka, kwa kuwa nomino hiyo kwao haisemi nywele tu. Inasema urembo. Inasema wepesi wa akili, na vichekesho kuhusu hilo wanavyo chungu nzima. Tena aghalabu inadokeza kwamba rangi yenyewe imetoka kwenye chupa.

Candace Bushnell, Mmarekani aliyekitoa kitabu hicho mwaka wa 2000, alilijua hilo barabara. Hadithi zake nne amezipa majina ya saluni. "Nice N'Easy" linamkumbusha msomaji rangi ya nywele ya Clairol inayouzwa madukani. "Highlights (for Adults)" ni vile vishungi vinavyopaushwa ili ving'ae kuliko nywele nyingine. "Platinum" ni weupe unaokaribia fedha. "Single Process" ni upakaji rangi unaokamilika kwa hatua moja. Nilipoyaona majina hayo nilijiambia, naam, mwandishi huyu ana jambo. Wanawake ambao hata mng'ao wa nywele zao ni wa kununua, wakitafuta mapenzi katika jiji ambamo kila kitu kinanunuliwa: ni nani asiyetaka kusoma hadithi hiyo?

Nilisoma hadi ukurasa wa mwisho. Kitabu kimenivunja moyo, na nataka kueleza sababu, maana ile ambayo watu huitaja kwanza siyo.

Lakini hebu nianzie nyumbani, kwenye sarufi yetu. Kiswahili nacho hakina uhaba wa maneno ya kumwitia mwanamke mrembo. Fungua gazeti la Kiswahili hapa nchini, hasa zile kurasa za burudani na vituko vya mitaani, utakutana na kidosho, kipusa, kisura, kimwana. Umeona yanavyoanza? Yote yana ki-. Kipusa ndilo linalonishangaza zaidi. Kamusi zetu zinakuambia kwamba kipusa ni pembe ya kifaru, yaani bidhaa inayowindwa na kuuzwa kwa magendo kwa bei ya kuruka, na kifaru mwenyewe haulizwi maoni. Sitaki kuvuta kamba hadi ikatike: kiongozi na kijana pia huanza na ki- na hakuna anayewadharau kwa hilo. Hata hivyo, maneno haya yakiandamana hivyo, mtu huanza kushuku kwamba lugha imezoea kumtazama mrembo kama kitu.

Sasa mpe huyo kipusa kitenzi. Utasema "kipusa amefika", wala hutasema "kipusa kimefika". Utasema "kidosho huyu", si "kidosho hiki". Jina limevaa vazi la kitu, lakini upatanisho wa kisarufi unasisitiza kuwa huyu ni mtu. Anapoanza kutenda, lugha inamrudishia utu wake. Mimi naona hapo pana kipimo kizuri cha hadithi yoyote inayohusu walimbwende, na ndicho nilichokitumia kukipima kitabu cha Bushnell.

Kwanza tumtambulishe. Bushnell alianza mwaka wa 1994 kuandika safu iliyoitwa "Sex and the City" katika gazeti la The New York Observer, akieleza jinsi watu wenye pesa na sura mjini New York wanavyopendana, wanavyodanganyana na wanavyoachana. Safu zilikusanywa zikawa kitabu, kisha mwaka wa 1998 kituo cha HBO kikaanza kuonyesha mfululizo wa televisheni uliotokana nazo. Hata asiyemjua Bushnell huenda amewahi kuwaona wale marafiki wanne wakinywa na kusengenya kwenye televisheni. Kwa hiyo 4 Blondes kilipotoka, wasomaji walikisubiri wakiwa na hamu tele.

Hadithi ya kwanza inamhusu Janey Wilcox, mwanamitindo ambaye miaka mingi nyuma aliwahi kuigiza katika filamu moja, na tangu hapo anaishi kwa kumbukumbu ya filamu hiyo. Kila majira ya joto matajiri wa New York huhamia Hamptons, pwani ya kisiwa cha Long Island, kama vile wenye nazo wa Nairobi wanavyomiminika Diani wakati wa Krismasi. Janey hana nyumba huko. Anachofanya ni kumchagua mwanamume mwenye nyumba. Amefanya hivyo kwa miaka kumi. Mwanamume anapimwa kwa ukubwa wa nyumba yake, kwa bwawa lake la kuogelea, kwa umbali wa kutoka mlangoni hadi baharini. Septemba ikifika, mapenzi yanafungwa pamoja na madirisha.

Hili ni wazo la dhahabu. Nasema bila kupepesa macho. Ndani yake kuna vichekesho na kuna uchungu: mwanamke aliyefikia kuyahesabu maisha yake kwa majira ya joto, huku umri ukisogea na nyumba zikianza kuwa mbovu. Kurasa za mwanzo zinakwenda kwa kasi na nilicheka. Kuna majira anayoyakosea hesabu, akaangukia kwa mtayarishaji wa muziki, Mwingereza, anayemtendea kwa dharau. Hapo nilikaa vizuri kitini. Nilidhani sasa tutamwona Janey akiwa peke yake na yale aliyoyachagua.

Hatumwoni. Kila anapokaribia kujitazama, mwandishi anamvuta aende kwenye karamu nyingine. Tunaambiwa nani alikuwepo, alivaa nini, gari lilikuwa la aina gani. Janey anajaribu hiki na kile ili ajitegemee, lakini majaribio hayo yanapitishwa mbele yetu kama matangazo ya biashara. Mwishoni kazi kubwa ya uanamitindo inamshukia, pesa zinamwagika, na suala la nyumba linatatuliwa. Yaani swali ambalo hadithi ilikuwa inauliza, kwamba mwanamke huyu ni nani pale ambapo nyumba si ya mtu mwingine, linajibiwa kwa hundi.

Wanafunzi wa fasihi wataniuliza: je, hicho si kinaya? Pengine mwandishi anatucheka sisi tunaotaka mwisho wa maana katika ulimwengu usio na maana. Nimelifikiria hilo. Kinaya kinahitaji pengo kati ya mambo mawili, lile analoliona mhusika na lile tunaloliona sisi. Msomaji akisimama kwenye pengo hilo, anacheka na kuumia kwa pamoja. Kwa Janey pengo hilo halipo muda mrefu, kwa sababu msimulizi anaonekana kuvutiwa na zile nyumba kama anavyovutiwa Janey mwenyewe. Anazisanifu kwa mate ya kumdondoka. Huwezi kulikejeli tajiri huku umeegemea uzio wake ukihesabu magari.

Kuna wanaosema kosa ni la asili yake, kwamba aliyezoea safu za gazeti hawezi kuandika hadithi. Mimi mwenye safu hii nina sababu ya kulikataa wazo hilo, na bahati nzuri ushahidi uko upande wangu. Mwaka wa 1925, Anita Loos, Mmarekani vilevile, alichapisha Gentlemen Prefer Blondes. Nayo ilianza kwa sehemu ndogo ndogo katika jarida la mitindo, Harper's Bazaar. Nayo inahusu mrembo wa nywele za dhahabu, Lorelei Lee, anayetunzwa na mfanyabiashara wa vifungo kutoka Chicago ambaye anadai kuwa anamsomesha. Nayo imejaa hoteli, almasi na mabwana wazee. Kwa maudhui, ni ndugu wa toka nitoke na hadithi ya Janey.

Tofauti iko kwenye sauti. Loos alimpa Lorelei kalamu aandike shajara yake mwenyewe, na Lorelei anaandika kwa makosa ya tahajia, kwa sentensi zinazojizungusha, kwa ujinga ambao baada ya kurasa chache unaanza kuutilia shaka. Anasema kila bwana ni muungwana, kisha unaona vito vimehama mkononi mwa bwana na kuingia mkobani mwake. Ni mjinga kweli? Au ni sisi tuliojinga? Yeye hasemi, na mwandishi hasemi. Pengo la kinaya liko wazi kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na katika pengo hilo amesimama mtu kamili. Karibu karne moja imepita na Lorelei bado anapumua. Kipusa huyu!

Hadithi ya pili na ya nne nitazipita upesi. Ya pili inawahusu Winnie na James Dieke, mke na mume, wote wanahabari wa tabaka la wasomi, wote wamechoshana. Hapa Bushnell anaandika tashtiti, na wahusika wa tashtiti wana haki ya kuwa bapa. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba baada ya kurasa kumi tumeshaielewa shabaha, na mishale inaendelea kurushwa palepale. Ya nne inasimuliwa na mwandishi wa kike anayekwenda London kuchunguza tabia za wanaume wa Kiingereza kitandani na kwingineko. Ni makala ya gazeti iliyovaa gauni la hadithi. Ina mizaha ya kutosha safari ya matatu kutoka mjini hadi Rongai, basi.

Ya tatu ndiyo iliyonisikitisha, kwa sababu ilikuwa karibu kufaulu. Cecelia ameolewa na mwana wa mfalme. Magazeti ya udaku yanamwandama, dawa na pombe zinamsaidia kuvuka siku, na hana hakika tena kama mumewe na rafiki zake wanampenda au wanamlinda asiwaaibishe. Safari hii mwandishi amemwachia asimulie mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, kama alivyofanya Loos. Na kweli kitu kinabadilika. Sentensi zinakuwa fupi na zinarukaruka, na sisi hatujui kama hofu ya Cecelia ni ugonjwa au ni akili timamu katika mazingira yasiyo timamu. Kwa kurasa kadhaa nilimsikia mtu. Kisha orodha ya majina makubwa inarudi na kumfunika, kama redio ya jirani inavyofunika mazungumzo.

Kuna suala la kifani pia. Hadithi hizi zinaitwa fupi, lakini kila moja ni ndefu kuliko tunachokiita hadithi fupi na fupi kuliko riwaya. Wengine wataziita novela. Edgar Allan Poe, alipokuwa akihakiki kazi ya Nathaniel Hawthorne mwaka wa 1842, alishikilia kwamba hadithi fupi inafaa isomwe kwa kikao kimoja na kila neno lielekee kwenye athari moja tu. Si lazima tumfuate Poe kama msahafu. Ila urefu una masharti yake. Ukichukua nafasi ya novela, msomaji anatarajia mhusika akue. Bushnell mwenyewe yaonekana alihisi kwamba Janey hakumalizika, kwani mwaka wa 2003 alimrudia katika riwaya nzima, Trading Up.

Kwamba mapenzi ya mwanamke maridadi yanaweza kutoshea katika kurasa chache, hilo halina mjadala. Anton Chekhov alilithibitisha mwaka wa 1899 katika hadithi yake ya yule bibi mwenye kijibwa. Mahali ni Yalta, mji wa mapumziko wa watu wenye nafasi, Hamptons ya wakati ule. Gurov, mume wa mtu, anamnasa Anna Sergeyevna, mke wa mtu. Baada ya kulala pamoja mara ya kwanza, Anna analia kwa kuona amejishusha hadhi. Mezani kuna tikiti maji. Gurov anajikatia kipande, anakila polepole, na nusu saa inapita wakiwa kimya.

Basi. Hakuna jina la hoteli, hakuna bei ya gauni. Tikiti maji tu. Lakini katika lile tikiti umeshamjua Gurov alivyo wakati huo, umeshajua upweke wa Anna, na baadaye Gurov anapogundua kuwa amempenda kweli, unaelewa ametoka mbali kiasi gani. Chekhov alichagua kitu kimoja akakiacha kifanye kazi. Bushnell amechagua vitu mia, na vyote vimebaki kuwa vitu.

Utaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Yanatuhusu sana. Vijana wetu wanaandika, na mlimbwende wa mjini, yule wanayemwita "slay queen", amekuwa mhusika wao wa kila siku. Anapanda gari kubwa, ana kucha ndefu, simu mbili, na mzee mmoja wa kulipa kodi ya nyumba Kilimani. Nazisoma hadithi hizo na mara nyingi ninajua mwisho kabla ya ukurasa wa tatu. Ataugua. Au mzee atafumaniwa. Au atarudi kijijini kwa mama yake akiwa amekonda, amefunga leso, akitubu. Sisi hatutoi hundi kama Bushnell. Sisi tunatoa kiboko.

Na hapa inanibidi nimtendee haki Mmarekani huyo. Angalau hakumwadhibu Janey kwa kuwa mrembo na kupenda starehe. Ule uhuru ni wa kuigwa. Lakini zawadi na adhabu, zote mbili, ni njia za mwandishi kumaliza hadithi bila kumjua mwanamke aliyemwandika. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka wa 1971, riwaya hiyo ilizuiwa shuleni Tanzania, na wengi waliosikia habari zake walidhani ni masimulizi ya msichana aliyeharibika. Rosa anaishia vibaya, ni kweli. Ila kabla ya hapo Kezilahabi ametuonyesha baba aliyemfungia ndani hadi asijue kusema na mvulana, na kwa hiyo anapoanguka tunaona ni wangapi waliomsukuma.

Wasomaji waliosoma Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine darasani wanaikumbuka "Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho. Dadi ni mchuuzi wa samaki. Kidawa, mkewe, ana elimu, ana kazi, anajipenda, na aliweka masharti yake kabla ya ndoa. Dadi aliyakubali yote kwa mdomo. Moyo haukuyakubali, na wivu unamtafuna hadi anakuwa mpelelezi wa mke wake mwenyewe. Hadithi nzima imeshikiliwa na shaka hiyo moja, kama lile tikiti maji. Ilipokuwa ikifundishwa shuleni, niliwauliza walimu: mnapoifundisha, mnamhukumu Kidawa kwa sababu gani? Wengine walinijibu kwamba "amejifanya wa kisasa mno". Mwandishi hakusema hivyo. Ni sisi tuliokwenda na kiboko chetu darasani.

Katika mkusanyiko huohuo kuna "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, ambamo Penina, binti wa matajiri, anampenda Dennis Machora, mtoto wa maskini, wakiwa chuoni, kisha anamfukuza baada ya Dennis kuhitimu na kukosa kazi. Maswali ya mitihani yalimshughulikia Dennis, matumaini yake na machozi yake, na hilo ni sawa kwa kuwa ndiye tunayeandamana naye. Penina alipewa mstari mmoja katika majibu ya wanafunzi: ni msaliti, tena mpenda pesa. Lakini msichana huyu alikuwa na pesa tangu mwanzo, na alimchagua asiye nazo. Kitu gani kilibadilika ndani yake, na lini, asubuhi ipi alipoamka akamtazama Dennis akamwona mzigo? Ningependa kijana mmoja mwenye kalamu aiandike upya hadithi hiyo akiwa upande wa Penina, bila hundi wala kiboko, atuonyeshe asubuhi hiyo peke yake.